Nauli ya Kurudi
(Mazungumzo ya wanachama wawili, ndugu wa baba mmoja, katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi, Mbweni)



Tumeombwa tueleze sisi dada wawili tulijifunzia wapi kuweka akiba. Jibu letu ni fupi: kwa marehemu baba yetu, siku moja tu, Saba Saba ya mwaka 1986.

Wazee mnajua, tarehe 7 Julai ndipo ilipozaliwa TANU, mwaka 1954. Kwetu watoto ilikuwa siku ya maonyesho, kule viwanjani Barabara ya Kilwa. Lakini kutoka Mbweni mpaka Temeke ni kulikata jiji zima! Tulitembea kwa miguu alfajiri mpaka Tegeta, tukapanda basi, tukashuka, tukapanda jingine. Baba alikuwa mvuvi, na hela ya siku hiyo aliitafuta wiki nyingi.

Kabla hatujatoka, alihesabu nauli ya kurudi, akaongeza kidogo ya dharura, akampa dada mkubwa aifunge kwenye pindo la kanga. Dada alikuwa na miaka 11. Ami yetu akacheka: "Hela unampa mtoto wa kike?" Baba akamjibu, "Huyo ndiye mweka hazina."

Basi tukazunguka mabanda. Tuliona vitenge, cherehani, matrekta, na ng'ombe wa maziwa wakubwa ambao hatujapata kuwaona. Tulikunywa soda moja watu watatu. Mfuko wa baba ulipokauka, mdogo akalilia puto. Baba akasema, "Muulize mweka hazina." Dada akatikisa kichwa. Tunalicheka hilo mpaka leo.

Jioni kituo kilifurika watu. Tukamkuta mama mmoja wa Boko, mtoto mgongoni, hana nauli. Baba akamgeukia dada: "Mweka hazina, unasemaje?" Dada akafungua fundo, akahesabu kwanza ya kwetu, iliyozidi akampa yule mama. Wiki haikuisha, mama yule akaja Mbweni na hela yetu, na mihogo juu.

Ndugu zetu, humo kimo kikundi chetu chote: akiba, mfuko wa jamii, mkopo na marejesho. Sanduku letu la kufuli tatu ni lile fundo, limekua tu. Baba hakuhudhuria semina yoyote. Alituamini hela mbele za watu, nasi tukajiona tunaaminika.

Sasa tuseme lililo moyoni. Tunasikia wenzetu wakitaka mwaka huu tugawane zote, pamoja na mfuko wa jamii, tushone sare na kufanya karamu kubwa. Gawio la hisa ni haki ya kila mmoja, tulichukue na tufurahi. Lakini mfuko wa jamii umezika wazazi wetu wangapi hapa? Umempeleka nani hospitali usiku wa manane? Tunaomba mkutano usiuguse.

La pili, tuwaite mabinti zetu siku ya kuhesabu, wakae nasi, washike hela, wahesabu. Na ninyi akina baba mliopo, wapeni mabinti zenu fedha wawatunzie, kisha waulizeni wanasemaje.

Akiba haiozi.