Baby Dodds na Kazi ya Mpiga Drumu katika Jazi ya Mwanzo

Warren Dodds, aliyejulikana zaidi kwa jina la Baby, alizaliwa New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, tarehe 24 Desemba 1898. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto sita. Kaka yake Johnny aliponunuliwa klarineti na baba yao, mdogo mtu alibaki mikono mitupu. Akatafuta mkebe wa mafuta ya nguruwe, akautoboa kwa misumari, akachomoa vijiti kwenye viti vya mama yake akavifanya fimbo, na visigino vyake vilivyogonga ubao wa chini ya ukuta vikawa ndiyo ngoma kubwa. Drumu za kweli alizinunua baadaye, mojamoja, kwa ujira wake wa kibarua.

Mji wenyewe ulikuwa chuo. Katika maandamano ya New Orleans kazi ya ngoma iligawanywa kwa watu wawili: mmoja alibeba ngoma kubwa pamoja na toazi, mwingine ngoma ndogo yenye nyuzi zinazochachatika chini yake. Msiba ulipokwenda makaburini, nyuzi hizo zililegezwa ili ngoma itoe sauti nzito ya huzuni. Maiti akishazikwa zilikazwa tena, bendi ikarudi mjini kwa shangwe. Kwenye kumbi za dansi, pedali ya mguu iliyoanza kutengenezwa Chicago na kampuni ya Ludwig mwaka 1909 ilisaidia kazi ya wale wawili kufanywa na mtu mmoja aliyeketi. Dodds alijifunza njia zote mbili, ya barabarani na ya ukumbini, na upigaji wake haukuacha kamwe kubeba zote mbili.

Kuanzia 1918 alipiga katika bendi ya Fate Marable ndani ya meli za starehe za mto Mississippi, akiwa pamoja na kijana Louis Armstrong. Marable alidai nidhamu na usomaji wa nota. Mwaka 1921 wawili hao waliondoka, kwa kuwa hawakukubali kubadilishiwa namna yao ya kupiga. Dodds akajiunga na bendi ya King Oliver, na mwaka 1922 bendi hiyo ikaweka makao katika ukumbi wa Lincoln Gardens, Chicago. Huko alikuwa akitikisa tumbo na mabega huku akipiga, na watu walikuja kumtazama kama walivyokuja kumsikiliza. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliokuja kuwa wapiga drumu wenye majina, kama Dave Tough, George Wettling na Gene Krupa.

Walichokisikia vijana hao, santuri hazikuweza kukihifadhi. Aprili 1923 bendi ya Oliver ilirekodi katika studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana. Hapakuwa na maikrofoni: wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa iliyopeleka mtikisiko wa hewa hadi kwenye sindano inayochora nta. Pigo moja la ngoma kubwa lingetosha kuirusha sindano hiyo na kuharibu kazi yote. Kwa hiyo Dodds alinyimwa sehemu kubwa ya vyombo vyake, akaachiwa vipande vya mbao vya kugongagonga. Katika wimbo wa “Dippermouth Blues” kuna mahali ambapo bendi nzima inanyamaza na sauti ya mtu inapaa. Dodds alisimulia kwamba nafasi ile ilikuwa yake. Kwa woga wa studio akaisahau, na mwenzake wa bendi Bill Johnson akapiga ukelele kuliziba pengo. Ukelele huo ukawa sehemu ya wimbo, na bendi nyingi zimeurudia tangu hapo.

Bendi ya Oliver ilivunjika kwa sababu ya fedha, ndugu wawili Dodds wakiwa miongoni mwa waliodai malipo yao ya santuri. Mwaka 1927 Baby alirekodi na bendi ya Armstrong iliyoitwa Hot Seven na pia na Jelly Roll Morton. Miaka ya 1930 ilimkuta katika dhiki iliyowakumba wanamuziki wengi. Alipiga vilabuni na Johnny, na kwa muda alisaidia kazi ya teksi ya ndugu yao mwingine. Johnny alifariki mwaka 1940.

Hamu ya kuirudia jazi ya New Orleans ndiyo iliyomrudisha jukwaani. Alipiga New York na Bunk Johnson mwaka 1945, na mwaka 1948 akaenda Ufaransa kwenye tamasha la Nice. Lakini kazi yenye thamani kuliko zote ni ile ya 1946, aliporekodi peke yake, akieleza kwa mdomo na kuonyesha kwa fimbo. Hapo ndipo inaposikika kwa ukaribu mbinu yake kuu: fimbo zikibanwa juu ya ngozi, mapigo madogo yanaungana kuwa mvumo mmoja unaobeba bendi hadi pigo linalofuata. Inadhihirika pia kwamba hakuwa mtunza mwendo tu. Aliwapokea wapigaji kila mmoja kwa sauti yake, mara ukingo wa ngoma, mara mbao, mara toazi, akasikiliza kwanza ndipo akajibu. Kumhesabu kama saa ya bendi ni kumpunja.

Kiharusi kilimpata mwaka 1949, naye akaendelea kupiga kadiri mwili ulivyoruhusu. Alifariki Chicago tarehe 14 Februari 1959, na mwaka huohuo masimulizi ya maisha yake, yaliyoandikwa na Larry Gara, yakatoka kama kitabu. Mwanafunzi anayetaka kumfahamu aanze na rekodi za 1946, kisha arudi kwenye zile za 1923 akijua ni nini kilichokatazwa kuingia studio.