Bei ya Almasi Inayogeuka Baada ya Malipo

Wananchi wanaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, hawashangazwi na bei inayopanda na kushuka. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa, ndagala hupatikana kwa wingi na bei huteremka. Mbalamwezi ikiangaza, taa hukosa nguvu, ndagala huadimika na bei hupanda. Lakini ufukweni iko sheria isiyoandikwa ambayo kila mtu huiheshimu: samaki wakishapimwa na fedha ikishapokelewa, bei imefungwa. Mchuuzi atakayemfuata mnunuzi njiani akidai nyongeza atahesabiwa mwizi, wala hapana atakayemtetea.

Yafaa sheria hiyo ikumbukwe leo, kwa kuwa soko jingine limeingia mikononi mwa watu kwa njia ya simu na intaneti. Miongoni mwa vitu vinavyouzwa huko ni almasi, na miongoni mwa wanaoweza kuvutwa nayo ni askari na polisi. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2024 maelfu ya askari wa Burundi walihudumu katika kulinda amani Somalia. Mtu aliyejiwekea akiba kwa kazi ya hatari namna hiyo, naye akataka kumvisha mchumba wake pete ya thamani, ni windo la wafanyabiashara wema na wabaya pia.

Na ichukuliwe, kwa mfano, kwamba askari wa Nyanza-Lac ameona jiwe jioni kwa dola 900, na asubuhi akakuta limekuwa dola 980. Je, ameonewa? Si lazima. Maduka mengi ya almasi katika intaneti hayana mkononi mawe yanayoyaonyesha. Mawe hayo ni mali ya wakataji na wauzaji wa jumla, wengi wao wakiwa Surat, India, ambako sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa. Duka huonyesha orodha ya mwenye mali, likaongeza faida yake. Mwenye mali akibadili bei usiku, duka nalo hubadili. Ndiyo maana jiwe lile lile laweza kuonekana katika maduka matatu kwa bei tatu. Aidha, wafanyabiashara hawa huitazama orodha ya bei ya Rapaport, iliyoanzishwa mwaka 1978 na ambayo hutolewa kila juma.

Ziko sababu nyingine. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, lakini jiwe lililotimiza karati moja huuzwa ghali zaidi kwa kila karati kuliko lililopungua kidogo tu. Pia zipo almasi zinazotengenezwa viwandani. Mwaka 2018 kampuni ya De Beers ilianza kuziuza kwa dola 800 kwa karati. Mwaka 2025 ikatangaza kuifunga biashara hiyo, baada ya bei ya mawe ya namna hiyo kuanguka. Na mnunuzi wa Burundi ana mzigo wake wa pekee, yaani faranga. Mwezi Mei 2023 bei rasmi ya dola moja ilipandishwa kutoka kama faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Aliyekuwa bado anakusanya fedha alijikuta yuko mbali na pete yake, ingawa muuzaji hakuongeza hata senti.

Mabadiliko yote hayo, yakitokea kabla ya malipo, ni biashara. Mnunuzi ana uhuru wa kukubali au kuondoka. Yakitokea baada ya malipo, jambo limegeuka. Muuzaji akipokea fedha kisha akaandika kwamba bima imepanda, au kwamba jiwe limekwisha kuuzwa na lililobaki ni ghali zaidi, mnunuzi asitume nyongeza. Adai jiwe lile lile au fedha yake yote. Ushuru halali hudaiwa na Ofisi ya Mapato ya Burundi, hulipwa kwa stakabadhi, wala hautumwi kwenye namba ya simu ya mtu asiyejulikana.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kwa maandishi kama jiwe liko mkononi mwa duka, kama ni la ardhini au la kiwandani, na kama bei imejumlisha usafiri na kodi. Ahifadhi picha ya ukurasa wa bei, yenye tarehe, pamoja na namba ya cheti cha maabara, ambayo mara nyingi huchorwa pia kwenye ukingo wa jiwe.

Na atakayechoshwa na bei hizo asikimbilie jiwe la mfukoni linalovushwa ziwani usiku. Tangu mwaka 2003, chini ya Mpango wa Kimberley, almasi ghafi huvuka mipaka ya nchi wanachama kwa cheti cha serikali. Kongo na Tanzania ni wanachama. Burundi si mwanachama. Jiwe hilo ni rahisi kwa sababu halina mlango halali wa kuingilia wala wa kutokea. Askari anayelinunua ameingia katika magendo aliyowekwa ufukweni kuyazuia.

Polisi nao wana wajibu. Mwananchi akifika kituoni kulalamika kwamba amelipia jiwe na sasa anadaiwa zaidi, asichekwe kwa kutamani makuu. Mlalamikaji aulizwe swali la kwanza: bei iligeuka kabla ya malipo au baada yake? Kisha picha, tarehe na stakabadhi zake ziandikwe na kuhifadhiwa, kwani fedha iliyotoka jasho la mtu inastahili ulinzi ule ule, iwe imenunua kikapu cha ndagala au pete ya almasi.