Atwaliwaye Ana Heri?

Neno "tutanyakuliwa" limo katika 1 Wathesalonike 4:17. Hilo halina ubishi. Ubishi ni lini: kabla ya dhiki kuu au baada yake? Paulo hapo hasemi. Fundisho la kunyakuliwa kwanza, dhiki baadaye, lilienezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19. Wanaolipinga huuliza: katika Mathayo 24, gharika iliwachukua akina nani kama si waovu? Basi yule atwaliwaye kondeni ana heri gani?

Huko Korea Kusini, mhubiri Lee Jang Rim alitaja na siku yenyewe: Oktoba 28, 1992. Baadhi ya wafuasi waliacha kazi, wengine wakauza nyumba. Mwenzao, jamani, alikuwa amenunua hati fungani za kuiva mwaka 1993.