Bendi iliyotoka barabarani

Hotuba kwa familia zilizokimbia makwao na viongozi wao, Bunia



Leo hatukuja na unga wala mahema. Tumekuja na habari ya bendi moja ya nchi yetu, kwa sababu vijana waliokimbia mapigano ya Djugu tangu Desemba 2017 wanatuuliza: "Sisi tuliopoteza mashamba na shule, tutaanzia wapi?"

Bendi hiyo ni Staff Benda Bilili ya Kinshasa. Waanzilishi wake, akina Ricky Likabu na Coco Ngambali, walipatwa na polio utotoni, miguu ikalemaa. Walitembelea baiskeli za magurudumu matatu na kuimba barabarani ili wapate chakula. Benda Bilili, kwa Kilingala, ni kusema: tazama zaidi ya yale yanayoonekana kwa macho. Kituo walikolala na familia zao kiliteketea kwa moto, wakajikuta nje kama ninyi. Hata hivyo hawakuacha mazoezi.

Walifanyia mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, na huko ndiko walikorekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, iliyotoka 2009. Roger Landu, kijana wa barabarani, alikuja na satonge, chombo cha waya mmoja alichojitengenezea kwa mkebe mtupu. Wakubwa hawakumfukuza. Walimpa nafasi, na sauti ya mkebe ule ikawa alama ya bendi. Mwaka ule ule walipata tuzo ya WOMEX, na 2010 filimu juu yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Wimbo wao mmoja unawasihi wazazi wawapeleke watoto kwenye chanjo ya polio.

Lakini tusifiche upande wa pili. Mwaka 2013 Coco Ngambali na Théo Nzonza walijitenga, wakaunda Mbongwana Star, iliyotoa albamu yake 2015. Kuvumilia shida pamoja ni jambo moja. Kubaki pamoja wakati mambo yamekuwa mazuri ni jambo lingine.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Viongozi, wapeni vijana mahali na saa ya mazoezi. Si lazima pawe na gita. Hata mkebe unatosha kuanza. Kijana asiye na kazi anatafutwa na watu wenye bunduki.

Vijana, msijitenge kwa kabila. Mhema, Mlendu na wengine waimbe katika kikundi kimoja, na wimbo wowote unaotukana kabila la jirani mkatae kuuimba, hata kama anayewaomba analipa.

Wazazi, wasaidieni kuandika katika daftari, kabla franga ya kwanza haijaingia, nani atatunza fedha na zitagawanywaje. Ugomvi wa fedha kati ya vijana wa makabila mawili hugeuka upesi kuwa ugomvi wa makabila.

Mwenzako akija na mkebe wake, usimcheke. Msikilize kwanza.