Utii kwa Mungu Mbele ya Mtawala: Ushuhuda wa Askofu Mkuu Janani Luwum



Utii kwa Mungu unapotajwa, wengi wetu hukimbilia Matendo ya Mitume sura ya 5, Petro na wenzake wanapogoma kunyamaza mbele ya Baraza. Ni sawa. Ila Petro huyo alikwisha kumkana Bwana wake, akalia, akasamehewa, akatumwa upya. Hoja yangu jioni hii ni kwamba ujasiri wa siku ya kushtakiwa hulelewa na utii wa mambo madogo, kwa miaka mingi.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, akawa mwalimu wa shule. Januari 1948 aliokoka katika uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na hadi kwetu Bukoba. Walokole wa uamsho huo hawakuridhika na machozi ya ibadani. Aliyeiba alirudisha. Mwenye deni alilipa. Mume aliyemkosea mkewe alikiri kwa kinywa chake mbele ya ndugu. Wapo waliowaona wakali kupita kiasi, na pengine walikuwa hivyo. Hata hivyo, mtu anayerudisha jembe la jirani mchana kweupe, watu wakimtazama, amekwisha kuiweka heshima yake mikononi mwa Mungu. Ukimvua heshima mtu wa namna hiyo, hutapata pa kumtishia.

Luwum alipokuwa Askofu Mkuu mwaka 1974, Idi Amin alikuwa ametawala Uganda tangu 1971. Luwum hakuanza kwa kupambana. Aliijua Warumi 13, inayoamuru kutii wenye mamlaka. Alikwenda kwa wakuu kuwatetea waliokamatwa, hata wengine wakamlaumu kwamba amekuwa karibu mno na utawala. Mimi sioni woga hapo. Kumheshimu mtawala ni sehemu ya utii kwa Mungu, na aliyemheshimu kwa dhati ndiye neno lake la kukataa huwa zito. Februari 1977, baada ya askari kuvamia nyumba ya Luwum usiku wakitafuta silaha, maaskofu walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Lipo lililo gumu zaidi ya kufa: kumpenda adui. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alitoroka baada ya mauaji hayo na mkewe kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake latamka wazi kwamba anampenda Idi Amin. Najua jina hilo linavyoweza kumchoma aliyefiwa. Lakini amri ya kumpenda adui imo katika Injili ileile iliyomwezesha Luwum kusema hapana, na Kivengere mwenyewe alisimulia jinsi alivyolazimika kuitubu chuki aliyokuwa nayo moyoni. Uhamishoni aliendelea kuueleza ulimwengu maovu ya utawala ule, bila kuyapunguza, na Amin alipoangushwa mwaka 1979 alirudi Uganda kuendelea na uaskofu wake.