Jina kwenye liste, mti kwenye udongo
Maneno ya komite mbele ya wanachama na wafadhili, Kamina



Mlituomba tuseme juu ya miti na juu ya uchaguzi. Wengine waliuliza: hayo ni mambo mawili, juu ya nini mnayafunga kamba moja? Tutajibu kwa maisha ya mama mmoja wa Kenya, Wangari Maathai. Hakuwa raisi. Alikuwa mbunge wa Tetu, kwao Nyeri, muhula mmoja tu. Lakini njia aliyopita mpaka kufika pale inatufundisha siye tuliorudi.

Alianza na miti. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba huko Nairobi. Kutoka pale kukazaliwa kazi ya bamama wa vijiji: wanaotesha miche, wanapanda, wanachunga. Na sikieni vizuri hii: mama alilipwa pesa kidogo kwa kila mti uliopona. Si kwa mti uliopandwa, kwa mti uliopona. Tutarudia neno hilo mbele.

Mwaka 1982 aliona kwamba miti peke yake haitoshi, juu ya wenye kukata msitu wanakaa kule kwenye sheria. Kiti cha ubunge cha kwao kilikuwa wazi. Akaacha kazi yake ya ualimu kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, akasimama. Akakatazwa. Sababu? Walisema hakujiandikisha upya kwenye liste ya wachaguzi ya 1979. Akakosa kiti, na kazi ya chuo haikurudi. Mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata udoktori, anaangushwa na jina lisiloonekana kwenye karatasi!

Mwingine angekaa nyumbani akilia. Yeye alibeba funzo hilo kwa wengine. Kufika 1988, wakati Kenya ilikuwa inachagua kwa mlolongo, watu wakisimama mstari nyuma ya mtu wao mbele ya macho ya wote, bamama wa miti walikuwa wanaambia majirani wajiandikishe, na wanadai uchaguzi wa haki. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wangari aliandika barua, akaandika tena. Walimtukana, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1992 alikaa pale pale na bamama waliodai watoto wao wafungwa wa siasa, polisi wakampiga mpaka akazimia. Mwaka 1999 alipigwa tena, damu kichwani, alipokwenda kupanda mti kwenye msitu wa Karura uliokuwa umegawiwa watu wa kujenga. Karura iko leo, watu wanatembea ndani yake.

Mwisho, uchaguzi wa 2002, watu wa Tetu wakamchagua kwa kura 98 juu ya 100. Mwaka 2003 akawa naibu waziri wa mazingira. Mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani. Na mwaka 2005 njo akachaguliwa kuwa balozi wa msitu wa bonde la Kongo. Kwa hiyo hakuwa mgeni kwetu. Mwaka 2007 akashindwa uchaguzi, akaendelea na miti mpaka kufa kwake, 2011.

Sasa tuje Kamina.

Wengi wetu tulitoka kambi za Zambia. Wengine tulikimbia wakati wa Maï-Maï, tukalala porini. Karte zingine ziliungua na nyumba, zingine zilipotea njiani. Na hapa kwetu karte ya uchaguzi si ya kuchagua tu, njo kitambulisho chetu: kwenye barrière, kwa kupokea pesa, kwa kununua namba ya simu. Asiye nayo anaishi kama mgeni kwao. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023 kulikuwa na uandikishaji. Kuna wanachama waliosema, "tutaenda kesho, leo niko shambani." Kesho ikapita. Hiyo njo 1982 yetu.

Na msitu je? Kila asubuhi kinga zinaingia mjini na magunia ya makala. Hatuwalaumu, mbabula zetu pia zinawaka makala hayo hayo, bila moto hakuna bukari. Lakini wapandaji wa leo watachungwa na nani? Gavana anachaguliwa na badepite wa provensi, na badepite tunawachagua siye. Asiye kwenye liste hana wa kumuuliza.

Tuseme ukweli pia mbele ya wafadhili. Mvua iliyopita tuligawa miche, tukapiga picha, tukarudi nyumbani. Mbuzi walikula, moto wa pori ukamaliza iliyobaki. Pesa zenu zilikwenda kwenye picha. Kosa ni letu, la komite.

Kwa hiyo tunaleta mambo mawili, muyapigie kura leo.

La kwanza: kila kikundi cha chama kiangalie karte za watu wake, nyumba kwa nyumba. Iliyopotea, tunasindikiza mwenyewe kuomba duplikata. Asiyeandikwa, jina lake tunaliweka kwenye daftari, na siku uandikishaji utafunguka tunakwenda naye, hata kama ni siku ya shamba.

La pili: hatulipi tena kwa mche uliogawiwa. Tunalipa kwa mti uliopona kiangazi kimoja, uliozungushiwa miti ya kuzuia mbuzi, uliolimiwa majani ya kando ili moto usipite. Wafadhili, mtahesabu pamoja nasi, kwa miguu yenu.

Mama Wangari alikosa kiti kwa jina moja, akatumia miaka 20 kulirudisha. Siye tuliorudi tunajua uzito wa kutokuwa kwenye liste. Tusiurithishe watoto.

Sasa mikono juu, tuhesabu.