Nyumba Zijengwe, na Orodha ya Wanaopewa Iwe Wazi
Hotuba kwa wapangaji wa Kawangware, Kangemi na Kibera



Tumekuja kuzungumza juu ya nyumba, maana katika jiji hili la Nairobi hakuna jambo linalomkumbusha mnyonge hali yake kila mwisho wa mwezi kama kodi ya nyumba. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba kaya 9 hivi katika kila 10 za Nairobi ni za wapangaji. Basi sisi si kikundi kidogo kinachoomba hisani. Wapangaji ndio jiji lenyewe.

Tazameni pande hizi zetu za magharibi. Kawangware imepakana na Lavington, na Kibera imepakana na uwanja wa gofu. Askari anayelinda lango la jumba la Kilimani, na mama anayefua nguo za watu huko Lavington, hurudi jioni kwenye chumba kimoja cha mabati, ambako choo ni cha kushirikiana na maji hununuliwa kwa mtungi.

Ahadi hatukosi. Katiba tuliyoipitisha 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa na ya kufikika, na viwango vya kuridhisha vya usafi. Desemba 2017 serikali ya wakati huo ilitangaza kwamba ifikapo 2022 zingejengwa nyumba 500,000 za bei nafuu. Mwaka huo ulifika, nyumba hizo hazikufika.

Tangu 2023 jambo jipya limeingia: sasa twalipa wenyewe. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba tozo ile ilikiuka Katiba. Machi 2024 ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na makato yakaendelea. Anayepata shilingi 20,000 hukatwa shilingi 300 kila mwezi, na anayepata 40,000 hukatwa 600. Lakini kukatwa si kupata nyumba. Mtu aweza kuchangia mpaka astaafu asipewe hata ufunguo mmoja.

Kwa hiyo swali letu ni moja: nyumba hizi atapewa nani?

Hatuulizi kwa chuki. Twauliza kwa sababu tumewahi kuona. Nyayo Highrise, pale kando ya Kibera, ilijengwa mahali palipokuwa makazi ya maskini, nao waliahidiwa kwamba watarejea. Waliorejea ni wengine, wenye mishahara na wenye kujuana na wakubwa. Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama pipi kwa wateule. Soweto Mashariki, Kibera, watu walihamishwa Septemba 2009 na kupelekwa kwenye nyumba za muda Lang'ata. Nyumba 822 zikakabidhiwa 2016. Miaka 7! Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku ya kuhama alikuwa karibu kumaliza shule ya msingi.

Tena wapo miongoni mwetu wanaokumbuka Muoroto, kijiji kilichokuwa karibu na katikati ya jiji. Mei 1990 kilibomolewa, na haukupita muda mrefu kabla ya Saba Saba. Wale waliodai vyama vingi hawakutaka vyama kwa ajili ya rangi za bendera. Walitaka serikali inayoweza kuulizwa. Ikiwa twaweza kuchagua rais lakini hatuwezi kuuliza ni nani aliyepewa nyumba ya umma, basi mageuzi yaliishia mlangoni.

Sheria yenyewe yatambua nyumba za jamii, kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na nyumba za bei nafuu kwa wanaopata kuanzia hapo hadi 149,000. Mnaona pengo hilo? Mwenye 25,000 na mwenye 140,000 wamepangwa foleni moja. Bila mwangaza, twajua ni nani atakayefika mbele.

Basi madai yetu ni haya. Kwanza, orodha ya waliopewa nyumba katika kila mradi ibandikwe hadharani, na iwepo njia ya kupinga kabla ya ufunguo kutolewa. Pili, kabla ya msingi kuchimbwa, itangazwe ni nyumba ngapi ni za jamii na ngapi ni za kuuzwa. Tatu, anayehamishwa apewe hati yenye nguvu ya kisheria ya kurudi. Ahadi ya jukwaani haitoshi. Nne, sehemu ya nyumba zibaki mali ya umma daima, zikodishwe kwa bei ambayo kibarua aimudu.

Watasema twapinga maendeleo. Waambieni kwamba anayelipia chakula ana haki ya kuuliza kinapakuliwa vipi. Twataka majengo yainuke, Kibera na Kangemi hadi Ngara. Lakini nyumba iliyojengwa kwa jasho la wote ikikaliwa na wateule wachache, hiyo ni kodi ya pili juu ya mgongo wa mpangaji.

Rudini mitaani, mwandikishe majina ya wapangaji kijiji kwa kijiji, ili siku orodha ya serikali itakapotoka tuwe na yetu ya kuilinganisha nayo. Haki hailetwi mlangoni, hufuatwa.